Imeili zimepotea kwenye kompyuta? Soma hii kabla hujafuta kitu

Sabalkheri jamani. Hii naiandika ili nipumzishe sauti, manake msimu wa wageni ukikaribia simu ninazopigiwa ni za aina moja tu, fundi imeili zangu zimeondoka. Na hapa Lamu mtu akikwambia hivo si mchezo, ujue kuna nyumba ya wageni Shela ama Mkomani vyumba vishalipiwa na hakuna anayejua mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda siku gani wala nani aende na boti kumpokea. Mtu anababaika, anaanza kubonyeza bonyeza, anafuta akaunti aiweke upya, na hapo ndo imeili ambazo zilikuwa zimejificha tu zinapotea kweli.

Nitaongea zaidi kuhusu Thunderbird, programu ya kusomea imeili, kwa sababu ndo ninayoikuta kwenye kompyuta nyingi za huku, ni ya bure na haisumbui mashine ya zamani. Outlook, ile ya Microsoft, nitaitaja pale inapokuwa na ujanja wake. Majina ya vitufe nayaacha vile yanavosomeka kwenye skrini usije ukatafuta kitu ambacho hakipo.

Kabla ya yote: fungua kwa brauza

Usiguse programu. Fungua Chrome ama Firefox, ingia kwenye imeili yako moja kwa moja, iwe Gmail, Yahoo, ama ile webmail ya waliokuuzia jina la tovuti, halafu tafuta ile imeili kwa jina la aliyetuma. Ukiiona huko, shukuru, shida iko kwenye programu yako tu na hakuna kilichopotea. Usipoiona huko, basi simama kidogo, manake kuna vitu utakavofanya kwenye programu vitamaliza hata ile kopi iliyobaki kwenye kompyuta.

Na ujue akaunti yako ni ya aina gani. Kwenye Thunderbird ingia Account Settings halafu Server Settings, pale juu imeandikwa IMAP ama POP. POP ni kuchota maji kisimani ukayatia birika lako la nyumbani, mwenzako akija kuchota akakuta hamna. IMAP maji yako kisimani, simu na kompyuta zote zinachungulia kisima kilekile, ukifuta kwa simu na kwa kompyuta imefutika. Nusu ya ugomvi wa imeili ni mtu hajui anatumia ipi kati ya hizo mbili. Ukikuta tu namba ya port, 993 kwa kawaida ni IMAP na 995 ni POP.

"Zingine naziona, zingine sizioni"

Hii ndo ya kwanza kwa wingi na ndo rahisi kupita zote. Bi mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela alinambia imeili zake zote za mwezi mzima zimefutwa na mjomba wa mtoto aliyekuja kutumia kompyuta. Nimefika, nimevua viatu, nimekaa, naona juu ya orodha ya imeili kuna kamstari ka vitufe vidogo na kimoja kimekolea rangi, kile cha Unread. Na pembeni yake kuna pini imebonyezwa. Yaani programu ilikuwa inamuonyesha zile ambazo hajasoma peke yake, na ile pini inashikilia hiyo hali hata ukihama folda, kwa hivo kila alikokwenda alikuta patupu na zile alizosoma zote zimezama. Nikabonyeza mara moja zikarudi imeili zote, akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe, nikanywa chai na mahamri nikaondoka sikudai kitu. Mjomba wa watu hakuwa na kosa.

Kwa hivo angalia hivi kwa mpangilio:

Ule mstari unaitwa Quick Filter. Ukiwa hauoni bonyeza Ctrl+Shift+K utatokea, zima kila kitufe kilichowaka, toa pini, na ufute maandishi yoyote yaliyobaki kwenye kisanduku cha kutafutia. Halafu bonyeza Alt menyu zitokee, nenda View, Threads, weka All. Kwenye Outlook angalia juu ya orodha kama iko kwenye All ama Unread, na kama kuna Focused na Other basi imeili yako inawezekana iko Other imekaa tu inakungoja. Ikikushinda kabisa nenda View bonyeza Reset View.

Kisha mpangilio wa tarehe. Mtu amebonyeza kichwa cha safu ya Subject bila kujua, sasa imeili zimepangwa kwa herufi na ya leo iko katikati ya za mwaka juzi. Bonyeza Date. Na kuna moja inayochekesha, tarehe unayoiona pale ni ile ya kompyuta ya aliyetuma, saa yake ikiwa mbovu imeili ya leo inaweza kujipanga kwenye mwaka 2009 huko chini kabisa. Ongeza safu ya Received upange kwa hiyo, itatokea juu.

Ikiwa kilichopotea ni folda nzima, karibu kila mara imeburutwa ikaingia ndani ya folda jirani. Kidole kwenye tachipadi, mkono una jasho, imeenda. Fungua vile vimshale vya kila folda moja moja utaikuta ndani ya nyingine, iburute irudi mahali pake.

"Ilikuwepo asubuhi, sasa haipo"

Imeili moja ama mbili, si zote. Anza na Junk ama Spam, hata kama unaapa hujaiweka huko, manake programu inajiwekea yenyewe na imeili za booking zenye viungo vingi na bei zinafanana sana na takataka. Ukiikuta bonyeza Not Junk ili ijifunze. Usikawie, Gmail inafuta za Spam na za Trash zikifika siku 30.

Halafu Archive. Kwenye Thunderbird ukigusa herufi A peke yake imeili inaondoka inaenda folda ya Archives, bila kelele bila swali. Unadhani unaandika jina la mtu, kumbe kishale hakipo kwenye kisanduku, imeili imehama. Hii imenipata mimi mwenyewe si mara moja.

Halafu filta. Kwenye Message Filters, na kwenye Outlook zinaitwa Rules, kuna mtu aliwahi kuweka agizo kwamba kila yenye neno fulani iende folda fulani. Aliyeweka alikuwa karani wa zamani, ashahamia Mombasa, agizo lake bado linafanya kazi.

Ikiwa unatafuta kwa kile kisanduku kikubwa cha juu na hakileti kitu lakini ukiingia kwenye folda imeili unaiona, basi kilichoharibika ni faharasa ya kutafutia peke yake. Funga Thunderbird, ingia kwenye profile, yaani folda ambamo inaweka vitu vyako vyote (njia ya kufika huko nimeiandika chini, kwenye inboksi tupu), futa faili inayoitwa global-messages-db.sqlite, fungua tena na uiache wazi saa moja mbili ijijenge. Faili hiyo haina imeili ndani, usiogope.

"Mpya haziingii kabisa"

Intaneti kwanza, na usiniambie WhatsApp inaingia, angalia kwenye ile kompyuta yenyewe. Kuna bando zinazofungua mitandao ya kijamii tu na vingine havifunguki. Pili, kwenye Thunderbird pale chini kushoto kuna kialama cha mtandao, ukikigusa kwa bahati mbaya inaingia hali ya Work Offline na itakaa hivo hata wiki. Outlook nayo ina kitufe cha Work Offline kwenye Send/Receive.

Tatu, paswadi. Google na Microsoft washaacha kukubali programu inayoingia na paswadi tupu kwenye akaunti zao, kwa hivo akaunti iliyowekwa zamani ikasimama ghafla, nenda Server Settings kwenye Authentication method uchague OAuth2, itakufungulia ukurasa wao uingie kama kawaida. Fanya hivo na kwenye sehemu ya kutuma pia, wengi wanasahau halafu wanarudi kulalamika zinaingia lakini hazitoki.

Nne, nafasi. Gmail ya bure ina GB 15 na hizo ni pamoja na picha za Google Photos na vitu vya Drive. Yule mtu wa mashua za utalii anayepakia video zote za machweo kwenye simu yake ndo anayejaza kisanduku cha imeili bila kujua, na kikishajaa anayekuandikia anarudishiwa imeili yake, wewe huoni chochote. Hizo zilizorudi hazipatikani tena, umuombe atume upya.

Tano ni saa ya kompyuta, na huku kwetu hii iko juu kuliko vitabu vinavosema. Desktopu ya zamani ina kibetri cha duara cha CR2032 kwenye ubao, kikiisha kila stima ikikatika saa inarudi nyuma miaka. Kompyuta ikidhani ni 2009, cheti cha usalama cha seva, yaani kompyuta ya wenye huduma ya imeili, inakiona ni cha siku za mbele, inakataa kuunganisha. Kuna ofisi Malindi nilipigiwa simu mara tatu kwa hiyo hiyo shida, kila mara narekebisha tarehe kwa simu zinaingia, wiki ijayo stima imekatika tena. Kibetri ni bei ya soda kadhaa. Zima, chomoa waya ukutani, kitoe kwa ukucha, weka kipya maandishi yaangalie juu.

"Kwa simu zipo, kwa kompyuta hazipo"

Ama kinyume chake. Hapa rudi kwenye kisima na birika.

Ikiwa ni POP, kompyuta moja imeshachota. Kwenye Server Settings hakikisha Leave messages on server imewekwa alama, na chini yake kuna For at most, mara nyingi imeandikwa siku 14, maana yake baada ya wiki mbili zinafutwa kwenye seva na kopi pekee duniani iko kwenye ile mashine moja. Gmail kwa POP ina tabia yake, ikishampa mmoja haimpi wa pili, isipokuwa kwenye jina la kuingilia utangulize recent: mbele ya anwani, hapo itatoa za siku 30 zilizopita kwa kila mashine. Lakini ushauri wangu kama mnatumia watu wawili ama simu na kompyuta, hamieni IMAP, POP ni ya mtu mwenye mashine moja na bekapu nzuri.

Ikiwa ni IMAP, bonyeza akaunti kitufe cha kulia, chagua Subscribe, uone kama ile folda imewekewa alama. Gmail ingia Settings kwa brauza, kwenye Labels kuna Show in IMAP kwa kila lebo, na kwenye Forwarding and POP/IMAP kuna sehemu ya kupunguza idadi ya imeili kwa folda, iwe haijapunguzwa.

Na wa Outlook, wale mnaosema imeili za mwaka juzi zimefutwa, nenda Account Settings, chagua akaunti, Change, kuna kitelezi cha muda wa kuweka imeili kwenye kompyuta. Mara nyingi kiko kwenye mwaka mmoja. Kisukume mpaka All, uache ishushe usiku, na uwe na bando.

"Inboksi yote imekuwa tupu"

Sasa hapa nenda polepole.

Ikiwa Thunderbird imefunguka inakukaribisha uweke akaunti kama mgeni, usiweke. Mara nyingi imefanyiwa apdeti ama imewekwa upya na imejitengenezea profile mpya, ile yako ya zamani iko palepale. Ifunge, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika thunderbird.exe -P, utaona profile mbili tatu, chagua ile nyingine. Wa Outlook angalia kama umehamishiwa ile mpya, kuna kaswichi juu kulia kameandikwa New Outlook, kazime urudi ya zamani uangalie kama imeili ziko huko.

Ikiwa akaunti ipo lakini folda moja ni nyeupe, shuku faharasa. Kila folda ina faili mbili, moja haina mkia, inaitwa tu Inbox, hiyo ndo yenye imeili zenyewe, na ya pili Inbox.msf ni orodha yake tu. Stima ikikatika programu ikiwa inaandika, orodha inavurugika. Kwenye Windows na R andika %appdata%\Thunderbird\Profiles ufike huko, kwa POP ziko ndani ya Mail na kwa IMAP ndani ya ImapMail. Angalia ukubwa wa ile Inbox isiyo na mkia. Ikiwa ni ya megabaiti nyingi, imeili zako zimo. Funga programu, kopi profile nzima kwenye fulashi, ndo ufungue, bonyeza folda kitufe cha kulia, Properties, halafu Repair Folder.

ONYO: kwa IMAP hiyo Repair inatupa kopi ya kwenye kompyuta na kushusha upya kutoka kwa seva. Ikiwa kwa brauza hukuziona imeili, USIIBONYEZE, utajimaliza. Na hata kama umeziona, inboksi ya GB 6 itakula GB 6 za bando.

Ikiwa ile Inbox ni ya 0 ama haipo kabisa, angalia antivairasi. Imeili zote za folda ziko ndani ya faili moja, antivairasi ikiona kiambatisho kimoja kichafu inaweza kuifungia faili nzima. Ingia Quarantine ya antivairasi, irudishe, halafu itafute ile imeili chafu uifute bila kuifungua. Isipokuwa huko na akaunti ni POP, funga kompyuta, usiitumie tena, tafuta mtu wa kuokoa data. Kila unavoendelea kuitumia unaandika juu ya mahali zilipokuwa.

Outlook yenye faili ya pst, ile inayohifadhi imeili zake, inayogoma, ipo programu ndogo inayokuja nayo inaitwa scanpst.exe, lakini kopi pst kwanza, manake scanpst ikikuta kipande hakirekebishiki hukitupa.

"Nimefuta mwenyewe, hata Trash nimemwaga"

Usibonyeze Compact. Thunderbird ukifuta imeili haiiondoi palepale, inaipiga alama tu, Compact ndo inayoifagia. Kwa POP na Local Folders, na ikiwa haijafagiwa, ipo njia. Funga programu, kopi ile Inbox isiyo na mkia pembeni, halafu ifungue kwa Notepad++, programu ya kuhariri maandishi, kabla ya kila imeili kuna mstari kama huu:

X-Mozilla-Status: 0009

Hiyo 9 ni 1 ya kusomwa na 8 ya kufutwa. Tafuta mistari yote ya 0009 uibadilishe iwe 0001, hifadhi, futa Inbox.msf, fungua Thunderbird. Zitafufuka zote zilizokuwa na alama hiyo, hata zile ulizotaka zife, vumilia uchague. Kama ulimwaga Trash ukaona faili ya Trash ni 0, hii haikusaidii, lakini jaribu ile ya Inbox hata hivo kwa sababu imeili ikihamia Trash kopi yake ya mwanzo hubaki Inbox imepigwa alama.

"Mgeni anasema alituma, na eti nilimjibu"

Hapa usitengeneze chochote. Mgeni ameuliza bei, wewe hukuona, na yeye amepata jibu lenye akaunti ya benki usiyoijua. Kuna mtu ndani ya imeili yako. Ingia kwa brauza, si programu, angalia Filters na Forwarding, utakuta agizo linalopeleka imeili zenye maneno kama malipo kwa anwani ngeni na kukufichia wewe. Piga picha ya skrini kwanza, ndo ufute agizo, badilisha paswadi kutoka kwenye kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili. Halafu mpigie mgeni kwa simu, usimuandikie. Pesa ikiwa ishatumwa ni benki siku hiyohiyo na polisi, si kazi ya fundi tena. Nimeona watu wanaona haya wanakaa kimya siku nne.

"Kompyuta inalia ka-ka-ka"

Folda zinakawia kufunguka, mashine inaganda, na ukisogeza sikio kuna sauti ya kugonga. Hiyo ni diski na si imeili. Zima sasa hivi, usijaribu mara moja ya mwisho. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula kila kitu, nimefungua desktopu ya ukingoni mwa bahari nikakuta viungio vina kutu ya kijani.

Na ya maji ni vivyo hivyo. Kuna laptopu ililetwa kutoka Faza kwa boti, kusi imevuma, wimbi limeingia kwenye begi. Wenyewe waliianika juani, wakaitia kwenye gunia la mchele siku mbili, halafu wakaiwasha kuona kama imekauka. Maji yalikauka, chumvi ikabaki, na umeme ulipopita juu ya chumvi ndo ubao ukaungua. Ikikupata, usiiwashe hata kidogo, toa betri kama inatoka, ifunge kitambaa kikavu uipeleke hivohivo, na umwambie fundi kabisa kwamba ni maji ya bahari, usimwambie ni chai.